Friji inayozimwa usiku ni kabati tu

Iwapo kuna friji nyumbani mwako, na kila usiku kabla ya kulala kuna mtu anayepita akiizima ili tokeni za stima zifike mwisho wa mwezi, basi makala haya yanakuhusu. Hauko peke yako. Desturi hii imeenea katika mitaa mingi, na wanaoifuata si wajinga bali ni watu wanaohesabu shilingi zao. Hata hivyo, ni desturi inayohatarisha afya. Maoni yangu ni kwamba nyumba yenye friji inayofanya kazi nusu siku imo hatarini kuliko nyumba isiyo na friji kabisa.

Huenda ukashangaa kusikia hivyo, lakini hebu fikiria. Mama asiye na friji anajua kwamba chakula huharibika. Kwa hivyo hununua nyama ya kupikwa siku hiyo hiyo, maziwa huyachemsha jioni na kuyachemsha tena alfajiri, na mchuzi ukibaki hadi siku ya pili huutilia shaka. Mwenye friji hana wasiwasi huo. Hupika maharagwe ya siku nne, hununua maziwa ya siku tatu, hupakua wali wa jana na kumpa mtoto anayetoka shuleni. Hulala akijua kuna mlinzi mlangoni, kumbe mlinzi mwenyewe amelala fofofo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Friji haiui viini

Jambo la kwanza ambalo kila mwenye friji anapaswa kujua ni kuwa baridi ya friji haiui viini vya magonjwa. Inavichelewesha tu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri kwamba vyakula vinavyoharibika upesi viwekwe chini ya nyuzi 5 za sentigredi, na vile vya moto viwe juu ya nyuzi 60 hadi vitakapoliwa. Kati ya viwango hivyo viwili ndipo viini hustawi. Katika hali inayovifaa, baadhi ya bakteria hujigawa mara mbili kila baada ya dakika 20. Ukipiga hesabu utaona kwamba kiini kimoja tu, baada ya saa saba, huweza kuwa viini zaidi ya milioni mbili.

Ni kweli kwamba friji ikizimwa baridi haitoki yote mara moja. Wataalamu wa usalama wa chakula husema kuwa friji nzima ambayo mlango wake haufunguliwi huhifadhi baridi ya kutosha kwa muda wa saa nne hivi. Basi tuseme unaizima saa nne usiku na kuiwasha saa kumi na mbili asubuhi. Kufikia saa nane za usiku muda huo umekwisha, na kwa saa nne zinazosalia hadi alfajiri maziwa, nyama na mchuzi vinaendelea kupata joto. Asubuhi unaiwasha, nayo huchukua muda mrefu kurudi pale ilipokuwa. Jioni unaizima tena. Chakula kilichokaa humo siku tatu kimepashwa joto mara tatu.

Wengi hujitetea kwa kusema kwamba watakipasha chakula moto hadi kitokote. Kuchemsha huua bakteria wengi, hilo sipingi. Tatizo ni kwamba baadhi ya bakteria huacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiondoki kwa moto wa jikoni. Mfano ni Bacillus cereus, ambaye hupatikana sana kwenye wali. Mbegu zake hustahimili kupikwa, kisha wali ukikaa bila baridi huamka, huzaana na kuacha sumu inayoleta kutapika. Mwingine ni Staphylococcus aureus, ambaye huishi kwenye ngozi na puani mwa binadamu na huingia kwenye chakula kupitia mikono. Sumu yake pia huvumilia kuchemshwa. Tena usitegemee pua yako. Chakula chenye sumu hizi huweza kunukia vizuri kabisa.

Hata friji inayofanya kazi si hakikisho kamili, kwani kuna bakteria aitwaye Listeria ambaye huendelea kuzaana polepole hata katika baridi ya friji. Nchini Afrika Kusini, mwaka wa 2017 na 2018, Listeria aliyekuwa kwenye nyama ya soseji aina ya poloni aliwaambukiza zaidi ya watu 1,000, na zaidi ya 200 wakafa. Miongoni mwa waliougua walikuwamo watoto wachanga wengi. Mama mjamzito akiambukizwa huweza kupoteza mimba. Ikiwa hali ni hiyo kwenye baridi kamili, itakuwaje kwenye friji ya nusu siku?

Wanaoumia si wote

Mtu mzima mwenye afya akila mchuzi ulioharibika huendesha siku mbili, hulaumu mboga za sokoni, kisha husahau. Wasiosahau ni wengine: mtoto mchanga ambaye kuhara humkausha maji kwa muda wa saa chache, mama mjamzito, mzee, na mtu ambaye kinga yake ya mwili imepungua.

Kuna pia mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini. Chupa ya insulini ambayo haijafunguliwa huhitaji kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Joto likipanda kila usiku, dawa hupoteza nguvu kidogo kidogo bila ya kubadilika rangi, na mgonjwa huendelea kujidunga akishangaa mbona sukari haishuki. Kwa upande mwingine, insulini iliyoganda hata mara moja imeharibika na haifai kutumiwa. Usiiweke kwenye friza wala karibu na ukuta unaofanya barafu. Mahali pake ni rafu ya katikati. Chupa iliyokwisha kufunguliwa aghalabu huweza kukaa nje mahali penye kivuli kwa wiki nne hivi, lakini aina hutofautiana, kwa hivyo soma karatasi iliyo ndani ya boksi na umuulize mfamasia.

Usisahau pia mama anayekamua maziwa ya mtoto kabla ya kwenda kazini. Maziwa hayo huweza kukaa kwenye friji hadi siku nne, mradi baridi iwe ni baridi kweli. Hayo hayawezi kuchemshwa tena kama ya ng'ombe ili kufidia uzembe wa usiku.

Lakini stima je?

Najua msomaji mmoja tayari anauliza: "Je, wewe ndiwe utakayeninunulia tokeni?" Swali hilo ni la haki na linastahili kujibiwa kwa hesabu wala si kwa mahubiri.

Friji nzima hujizima yenyewe. Ndani yake kuna kidude kinachopima baridi, na baridi ikitosha mashine husimama, kisha huanza tena joto likipanda. Ukiizima usiku unaiondolea kazi ndogo ya kudumisha baridi, halafu asubuhi unaipa kazi kubwa ya kuondoa joto lote lililoingia. Akiba inayobaki ni ndogo kuliko unavyodhania. Friji ndogo ya kisasa isiyo na hitilafu hutumia karibu yuniti moja kwa siku nzima. Linganisha na hita ya bafuni, ile ichemshayo maji papo hapo. Ikiwa ni ya kilowati 5, mtu mmoja akikaa chini yake kwa dakika 12 amemaliza yuniti nzima. Wangapi huoga hapo kwako kila asubuhi?

Friji ikila tokeni kupita kiasi, mara nyingi ni kwa sababu haitunzwi. Yafuatayo unaweza kuyafanya mwenyewe bila ya fundi.

Kwanza ni raba ya mlango. Ukimaliza kusoma gazeti hili, kata kipande cha ukurasa, kibane kati ya mlango na friji, kisha ukivute. Kikitoka bila ya kushikiliwa, baridi yako inavuja hapo. Jaribu pande zote nne. Mara nyingi raba huwa imeshika mafuta na makombo tu, na ikioshwa kwa maji vuguvugu ya sabuni hushika tena. Ikiwa imejikunja, ikande kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto hadi ilainike na kurudi mahali pake. Ikiwa imepasuka, nunua nyingine. Wakazi wa Mombasa, Malindi na Lamu waikague mara kwa mara, maana joto na unyevu wa pwani huleta ukungu mweusi kwenye mikunjo yake.

Pili ni vumbi. Nyuma au chini ya friji kuna mabomba membamba meusi ambayo hutoa nje joto lililoondolewa ndani. Yakifunikwa na vumbi, joto hukosa pa kwenda na mashine hunguruma mchana kutwa. Chomoa plagi, ivute friji, uyapanguse kwa brashi laini angalau mara mbili kwa mwaka. Friji nyingine mabomba yake yamefichwa ndani ya kuta za pembeni, na hizo huhitaji nafasi ya hewa tu. Acha upana wa kiganja kati ya friji na ukuta. Usiiweke kando ya jiko wala mahali panapopigwa na jua, na usiifunike kwa vitambaa hadi ishindwe kupumua.

Tatu ni barafu. Kwenye friji za mlango mmoja, barafu ikifikia nusu sentimita huwa kama blanketi linalozuia baridi kutoka. Izime, toa vyakula, acha mlango wazi na uweke bakuli la maji ya moto ndani. Usichokoe barafu kwa kisu. Friji nyingi zimekufa kwa kisu kilichotoboa ukuta wa friza na kuachilia gesi yote.

Nne ni namna unavyoijaza. Usiingize sufuria inayotokota, lakini pia usiiache mezani hadi asubuhi. Gawa chakula katika vyombo vipana visivyo na kina kirefu ili kipoe upesi, na kiingie kabla ya saa mbili kupita tangu kiive. Nyama mbichi na samaki wakae chini kabisa katika chombo kilichofunikwa, ili maji yake yasidondokee kachumbari.

Taa si ushahidi

Watu wengi wakifungua mlango na kuona taa imewaka huridhika kwamba friji iko sawa. Taa huonyesha tu kwamba stima ipo. Nunua kipimajoto cha friji, ambacho si ghali. Kile cha kupima homa hakifai, kwa sababu huanzia nyuzi 35. Kitie ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya katikati, ukiache usiku kucha, ukisome asubuhi. Kikionyesha zaidi ya nyuzi 5, zungusha kirekebishi. Kumbuka kwamba kwenye friji nyingi nambari kubwa ina maana ya baridi zaidi, wala si joto zaidi kama wengi wanavyofikiri. Huenda msimu wa joto ukahitaji nambari kubwa kuliko ile uliyotumia wakati wa baridi ya Julai. Pima tena baada ya siku moja.

Dalili nyingine nazo zina maana yake. Maji yakijaa chini ya droo za mboga, tundu la kupitishia maji huko nyuma limezibwa na makombo. Lizibue taratibu kwa mrija laini na maji vuguvugu, na harufu mbaya huenda ikaondoka pamoja nayo. Friji ikitetemeka na kupiga kelele, angalia kama imesimama sawasawa kabla ya kusema mashine imekufa. Mashine ikinguruma bila kusimama wakati raba, vumbi na barafu umekwisha kuvishughulikia, hapo mwite fundi. Na ukigusa mlango ukahisi stima ikikutekenya, usizoee wala usisuluhishe kwa kuvaa makubadhi. Zima soketi, uchomoe plagi na umwite fundi wa stima siku hiyo hiyo, kwa maana waya wa kupeleka stima ardhini huenda umekatika.

Fundi naye umhoji. Gesi ya friji haiishi kama mafuta ya gari. Huzunguka ndani ya mabomba miaka nenda miaka rudi. Ikiwa imepungua, basi kuna mahali inavuja, na fundi anayeongeza gesi bila ya kutafuta tundu atarudi baada ya miezi michache kuchukua pesa nyingine. Muulize pia ni gesi gani. Friji za zamani zilitumia R12, ambayo huharibu tabaka la ozoni na ambayo matumizi yake yalikomeshwa kufuatia Mkataba wa Montreal wa mwaka wa 1987. Nyingi za kisasa hutumia R600a, ambayo hushika moto kwa urahisi. Aina yake imeandikwa kwenye kibandiko kilicho juu ya mashine au ndani ya friji. Fundi anayetaka kuchomelea bomba bila ya kusoma kibandiko hicho, mwombe atoke jikoni mwako.

Stima ikipotea

Kuna usiku ambao hatuna la kuchagua. Juni 7, 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikakosa stima kwa saa kadhaa. Usiku wa Agosti 25, 2023 giza liliingia tena karibu kila pembe ya nchi, na sehemu nyingi hazikurejeshewa stima hadi siku iliyofuata. Wakati kama huo, usifungue mlango kuchungulia. Friza iliyojaa na kufungwa huweza kudumisha baridi kwa saa 48 hivi, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Ndiyo maana ni vyema kujaza nafasi tupu za friza kwa chupa za maji. Nyama ambayo bado ina chembe za barafu inaweza kugandishwa tena. Kwenye friji ya kawaida, ikiwa saa nne zimepita, maziwa, nyama, samaki na vyakula vilivyopikwa visionjwe kwanza ili kuhakikisha. Vitupwe.

Stima inaporudi, usiiwashe friji papo hapo. Ngoja dakika tano. Mashine huhitaji muda mchache ili mgandamizo wa gesi ndani yake utulie, na stima inayorudi aghalabu huja kwa kishindo. Vipo vifaa vidogo vya kuchomekwa kati ya soketi na plagi ambavyo husubiri kwa niaba yako na kukata stima ikizidi au kupungua. Bei yake haifikii hata kidogo bei ya kununua mashine mpya.

Msomaji, baada ya haya yote huenda bado ukaona kwamba hesabu haikubali, kwamba mwezi huu tokeni za friji hazipo. Basi sina lawama kwako, ila nakushauri uizime kabisa, uisafishe, uiache mlango wazi kidogo ili isiote ukungu, na urudi kwenye njia za kina nyanya zetu. Nunua nyama robo ya leo. Chemsha maziwa mara mbili. Pika wali unaotosha watu waliopo. Mwenye insulini amuulize muuguzi wa kliniki yake namna ya kuihifadhi ndani ya chungu chenye maji. Familia nyingi zimelea watoto wenye afya kwa njia hiyo. Ambalo haliwezekani ni kuishi kama mwenye friji mchana na asiye nayo usiku, kisha asubuhi kumpa mtoto maziwa yaleyale.

Leo usiku, kabla mkono wa mtu haujafika kwenye soketi, kaeni jikoni mwamue ni lipi kati ya hayo mawili.